Maswali na Majibu: Sikukuu ya Mtakatifu Brigid

Nipo Dublin, Ayalandi, kikazi. Mbona sikukuu ni tarehe 1 Februari, lakini mapumziko huwa siku nyingine?

Tarehe 1 ni ya kanisa, haihami. Mapumziko ya serikali yalianza 2023, nayo ni Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiwa Ijumaa. Hapo mapumziko ni Ijumaa hiyohiyo. Hilo litatokea kwa mara ya kwanza 2030. Lakini ukitaka kuona mila zenyewe usingoje Jumatatu. Shughuli iko majumbani, jioni ya 31 Januari.

Brigid alikuwa mtawa au mungu wa kike?

Wapo wote wawili, na jina ni moja. Mtawa ndiye abesi (mkuu wa watawa wa kike) wa Kildare, mji wa Ayalandi, anayesemekana kufariki mwanzoni mwa karne ya 6. Maisha yake yaliandikwa katika karne ya 7 na mtawa Cogitosus. Mungu wa kike, binti wa mungu Dagda na mlinzi wa washairi, anatajwa katika faharasa ya maneno ya Kiayalandi ya yapata mwaka 900. Na tarehe 1 Februari ni Imbolc, mwanzo wa majira ya kuchipua kwa hesabu ya Kiayalandi, kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Je, mmoja alitokana na mwingine? Wanazuoni wanabishana hadi leo. Anayekuapia kwamba jibu ni moja tu, msikilize kwa adabu, basi.

Msalaba wa majani wa Brigid unasukwaje? Wangu unafumuka kila mara.

Hutumika majani marefu ya kinamasini, mviringo, yenye kiini chepesi kama sponji ndani. Kwa desturi hung'olewa kwa mkono, hayakatwi. Andaa 16 hadi 28, ya sentimita 30 hivi. Yakiwa makavu yaloweke kwanza, la sivyo yatavunjika kwenye kunjo.

Shika jani moja wima. La pili likunje katikati, ulivishe kwenye lile la wima, ncha zote mbili zielekee kulia. Bana kati kwa kidole gumba, kisha zungusha kazi yote robo mzunguko, kinyume cha mwendo wa saa: ncha zilizokuwa kulia sasa ziko juu. Kunja jani la tatu, likumbatie zote zilizo juu, ncha zielekee kulia. Zungusha tena. Endelea hivyo, kila jani jipya likae kando ya lililotangulia, lisilipande. Mraba wa katikati ukishakua, funga mikono minne kwa uzi na upunguze ncha.

Kufumuka kuna sababu mbili. Ya kwanza, kidole gumba kimeachia wakati wa kuzungusha. Ya pili huwapata hata wazoefu: majani mabichi hunywea yakikauka, na uzi uliokaza jana unalegea. Funga kwa mpira kwanza, ngoja yakauke, ndipo ukaze kwa uzi. Ukigeuza mwelekeo katikati ya kazi, mikono haitapangika tena. Fumua hadi ulipokosea.

Kitambaa kinachoachwa nje ni cha nini?

Huitwa *brat Bríde*. Kipande cha nguo au utepe huwekwa dirishani au kichakani usiku wa kuamkia sikukuu, Brigid apite akibariki. Asubuhi huingizwa ndani na kutunzwa. Watu walikifunga kichwani kwa maumivu, au kukiweka juu ya ng'ombe anayezaa.

Ni kweli kuna moto usiozimika Kildare?

Upo uliowashwa upya 1993. Wa zamani ulielezwa na mwandishi Gerald wa Wales katika karne ya 12: watawa 19 waliulinda kwa zamu, usiku mmoja kila mtu, na usiku wa 20 waliuacha mikononi mwa Brigid mwenyewe.

Msalaba wa mwaka jana niutupe?

Desturi zilitofautiana. Nyumba nyingine ziliuchoma na kutundika mpya juu ya mlango. Nyingine ziliuacha palepale chini ya paa la nyasi, ukinge nyumba na moto, na kuongeza mmoja kila mwaka.