Jibu: Viburnumu inachanua lakini haizai

Habari ndugu. Umesema kichaka chako cha maua, viburnumu, hapo Ohio, Marekani, kinachanua vizuri kila Mei, ila ndege hawaambulii hata tunda moja.

Kwanza litazame ua. Likiwa tufe jeupe la mviringo, hayo ni maua tasa ya pambo, usisubiri kitu. Likiwa bapa, lenye vijiua vidogo vilivyotoa nyuzi za chavua, basi kinakosa mwenzake. Viburnumu nyingi hazijichavushi, na miche miwili ya jina moja kutoka dukani ni mmea uleule, hivyo haichavushani. Zangu ni za spishi Viburnum dentatum: ile inayouzwa kwa jina Blue Muffin ilizaa nilipoiwekea jirani yenye jina jingine, Chicago Lustre. Lazima zichanue pamoja.

Tena usipogoe majani yakianza kupukutika, utaondoa vitumba vya mwakani. Pogoa maua yakishanyauka tu.

Hukutaja aina yako, tuma picha.