Mashosti Bangkok: majibu kwa wanaokwenda kutembea na kununua

Haya ni maswali yanayorudiwa zaidi na makundi ya akina dada wanaopanga siku nne au tano Bangkok. Tumeyapanga kwa jinsi safari yenyewe inavyokwenda.

Tuko sita. Tutazungukaje bila teksi kutumaliza?

Chagueni hoteli kwa ukaribu wa stesheni kwanza, uzuri wa bwawa baadaye. Maeneo ya Phaya Thai, Ratchathewi na Pratunam yanawafaa wanunuzi. Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi, treni ya Airport Rail Link inafika Phaya Thai kwa takriban nusu saa, nauli 45 baht (baht ni pesa ya Thailand). Teksi ya kawaida hubeba wanne, na mkiwa na masanduku hata watatu ni kubanana, kwa hiyo sita ni teksi mbili. Mita huanzia 35 baht, uwanjani huongezwa 50, na ada ya barabara ya kulipia ni juu yenu. Dereva akikataa kuwasha mita, shukeni mtafute mwingine.

Kwenye treni za mjini, yaani BTS inayopita juu ya barabara na MRT inayopita zaidi chini ya ardhi, kila mmoja awe na tiketi yake, kwani kadi moja haipitishi watu wawili langoni. Tiketi ya safari moja ya BTS pia haifanyi kazi MRT. Kosa la makundi ni kununua tiketi mmoja mmoja kwenye mashine huku foleni ikirefuka nyuma. Mmoja akusanye pesa, anunue zote sita.

Hilo linatuleta kwenye mfuko wa pamoja. Kila asubuhi kila mtu atoe kiasi kile kile, tuseme 500 baht, mweka hazina alipe nauli, maji na chakula. Manunuzi ya mtu binafsi yasiguse mfuko huo hata kwa mkopo wa dakika tano. Hapo ndipo urafiki huanza kununa.

Kasri la mfalme tuvae nini? Na je, ni kweli hufungwa ghafla?

Mabega na magoti yafunikwe, nguo isiwe ya kuonyesha wala ya kubana, jinzi zisiwe zimechanwa. Msitegemee mtandio juu ya blauzi isiyo na mikono, maana mara nyingi walinzi huukataa. Dera, gauni refu la kitenge au baibui havina tatizo, na hijabu pia haina shida. Vaeni viatu vya kuvua haraka, kwani kila hekalu mtavivua.

Kiingilio ni 500 baht, na tiketi huuzwa saa 2:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Fikeni mlango unapofunguliwa, maana kufikia saa 5 jua na umati vimeshakutana. Tiketi hiyo inawaingiza pia kwenye Jumba la Makumbusho ya Nguo la Malkia Sirikit, lililo humo humo ndani. Wengi hulipita bila kujua, na kwa wapenda vitambaa ni hasara.

Mtu aliyevaa vizuri akiwaambia nje kwamba "leo pamefungwa", kisha akaita bajaji ya kuwazungusha kwa baht 20, endeleeni kutembea mpaka mlangoni. Bajaji hiyo, tuktuk kwa wenyeji, huishia kwenye duka la vito au la fundi suti, na dereva hulipwa kwa kuwafikisha. Kwa bei ya 20, mzigo wa kuuzwa ni nyinyi.

Njia nzuri ya siku hiyo: MRT hadi Sanam Chai, kasri, kisha hekalu la Wat Pho lenye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wa mita 46. Kutoka hapo nendeni gati la Tha Tien, mvuke mto kwa kivuko hadi hekalu la Wat Arun. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Ukitaka kumpa kitu, kiweke chini au umpe mwanamume akipeleke.

Pratunam nguo ni za bei chee kweli? Mbona tunasikia watu wanarudi na magauni yasiyowaenea?

Bei ni nzuri, ila ina masharti. Ndani ya Platinum Fashion Mall na vichochoro vinavyoizunguka, vibanda vingi vina bei mbili: ya rejareja ukichukua moja, na ya jumla ukichukua kuanzia tatu hivi kwenye kibanda hicho hicho. Hapo kundi lina nguvu. Watatu mkipenda kibanda kimoja, chukueni pamoja, mmoja alipe, mgawane pembeni. Ulizeni mapema kama mnaweza kuchanganya rangi na mitindo, maana baadhi hukubali rangi tu. Bei ya jumla ikishatajwa, punguzo la ziada ni dogo, na kung'ang'ania kwa robo saa kwa ajili ya baht 10 ni kupoteza asubuhi.

Kuhusu kutokuenea: vibanda vingi havina pa kujaribia, na lebo husema "free size", yaani saizi moja kwa wote. Hao "wote" mara nyingi ni kifua cha inchi 34 hadi 38, na nyonga zimekatwa nyembamba. Kinachowashinda wengi ni nyonga, wala si kifua. Dawa ni futi ya fundi cherehani. Kabla ya kuondoka nyumbani, chukua gauni lako linalokukaa vizuri, lilaze kitandani, pima upana kwapa kwa kwapa, kiuno, na sehemu pana ya nyonga. Andika namba hizo kwenye simu. Kibandani laza nguo vivyo hivyo ulinganishe upana kwa upana. Usilinganishe na kipimo cha mwili, kwa sababu kitambaa kisichovutika kinahitaji inchi 2 au 3 za ziada upate kukaa na kupumua. Vibanda vya saizi kubwa vipo pia. Na kabla ya kulipa kagua zipu, makwapa na mshono wa nyuma, maana kurudisha nguo hapo ni ndoto.

Tunataka kitambaa cha sare ya harusi. Tuende wapi?

Phahurat, mtaa wa vitambaa wa Wahindi, shukeni MRT Sam Yot. Ukivuka kidogo uko Sampheng, kichochoro cha vifungo, lesi na shanga. Ni chembamba na pikipiki za mizigo hupita humo humo, kwa hiyo mikoba iwe mbele.

Mtego mkubwa ni kipimo. Thailand kitambaa huuzwa sana kwa yadi, na yadi ni sentimita 91. Sita mkihitaji mita 4 kila mmoja, ni mita 24, yaani yadi 26 na robo. Mkisema "24" bila kuuliza, mtaondoka na mita 22 pungufu kidogo, nusu gauni limepotea. Nunueni yadi 28, kwa sababu fundi hukosea. Ulizeni na upana, kwani kitambaa cha inchi 44 hula urefu mwingi kuliko cha inchi 58.

Kabla hajakata, ulizeni jora lina yadi ngapi. Majora mawili ya rangi ile ile huenda hayakutiwa rangi siku moja, na taa za dukani huficha tofauti. Yatoeni nje mwangani. Ikibidi kutumia mawili, kila mtu apate chake chote kutoka jora moja, asichanganye kwenye gauni moja.

Mkiambiwa ni hariri halisi, ombeni nyuzi mbili tatu, mzichome mbali na bidhaa. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake hupondeka. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Chakula cha halali kinapatikana?

Bila shida. Phetchaburi Soi 7 (soi ni mtaa wa pembeni wa barabara kubwa), karibu na BTS Ratchathewi, kuna msikiti wa Darul Aman na wauza chakula wa halali pembeni yake. Sukhumvit Soi 3, upande wa Nana, ina migahawa ya Kiarabu.

Soko la Chatuchak twende lini?

Jumamosi au Jumapili, mapema. Lina sehemu 27, na kibanda mlichokipenda hamtakiona tena msipopiga picha ya namba yake. Mtawanyike wawili wawili, mkutane kwenye mnara wa saa.

Kodi inarudishwa vipi?

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni 7%, ingawa hupati yote kwa sababu kuna ada. Lazima ununue angalau 2,000 baht kwa siku katika duka moja lenye alama ya marejesho kwa watalii, uonyeshe pasipoti na ujaziwe fomu hapo hapo. Vibanda vya sokoni havimo. Mkiunganisha manunuzi kwa jina la mmoja, huyo ndiye atakayeondoka na bidhaa. Manunuzi ya kudaiwa kodi yakifika 20,000 baht, uwanjani anzeni na dawati la forodha kabla ya kukabidhi mabegi, wasije wakataka kuona kitu ambacho tayari kiko tumboni mwa ndege.

Mizigo ikizidi?

Kampuni za mizigo zipo Pratunam na Chatuchak. Mizigo ya anga hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kipi kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000, au 5,000 kwa kampuni za vifurushi. Boksi la 60 × 50 × 50 linahesabiwa kilo 25 au 30, hata likiwa limejaa mito. Kwa hiyo nguo zikandamizeni, na vitu vyepesi vyenye nafasi, kama kofia na mikoba, vibebeni wenyewe.