Kabla hujanunua kitabu cha ndege, kipime kwa shore wa uani kwako

Kitabu changu cha kwanza cha ndege nilikipata kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, vimetandazwa chini juu ya turubai kama mafungu ya nyanya. Shilingi elfu tano. Karatasi nzito, michoro inang'aa, ndege wamepangwa vizuri mpaka nikasahau kuomba nipunguziwe. Nikarudi nyumbani Kinondoni, nikakaa barazani na darubini ya kuazima, na wiki haijaisha nikawa nimeshaandika kwenye daftari ndege kumi na mmoja ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona Dar es Salaam. Kitabu kilikuwa cha ndege wa Ulaya. Jalada lilichanika upande wenye jina, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye picha tu.

Siku hizi watu wakinikuta na darubini karibu na daraja la Salender, huniuliza wanunue kitabu gani. Mimi nawauliza wanakaa wapi. Wengi hudhani nakwepa swali. Lakini ndege wa mtu wa Kinondoni si wote walio ndege wa mtu wa Mbeya, na kitabu kizuri cha mahali pengine kitakudanganya kwa uhakika kuliko kitabu kibaya cha mahali pako. Kila ndege utakayemwona utampata anayefanana naye humo ndani, na utaridhika.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na ndege mmoja kichwani, yule unayemjua kabisa. Mimi hutumia shore. Yupo karibu kila ua wenye mpapai: kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mpiga kelele wa asubuhi. Akiinamia papai utaona rangi ya njano chini ya mkia. Fungua kitabu umtafute bila kutumia faharasa. Ikikuchukua dakika kumi kumpata ndege unayemjua, fikiria itakuwaje kwa usiyemjua, naye keshaanza kuruka. Ukishampata, tazama chini ya mkia. Ndugu zake wa Afrika Magharibi wana rangi nyeupe pale. Kitabu kinachoonyesha nyeupe peke yake hakikuandikwa kwa ajili yako, hata kama muuzaji anaapa.

Mwewe naye anafaa. Wale wanaozunguka soko la samaki la Feri, wakishakomaa, wana mdomo wa njano unaoonekana hata bila darubini. Kwenye kile kitabu changu cha Ulaya mwewe alikuwa na mdomo mweusi, nami nikaamua kuwa wa Feri wamepaka mafuta ya samaki. Mtu akishaamini kitabu, hakosi maelezo.

Kosa langu la pili lilikuwa la gharama kubwa zaidi. Nilipogundua la kwanza nikajiapiza kununua kitabu cha Afrika, na nikanunua cha Afrika kweli: bara lote kusini mwa Sahara, zaidi ya spishi elfu mbili. Nilijiona nimemaliza. Kumbe kwa mwanafunzi, wingi ni mzigo. Nilifika kwenye mnana, wale wasukaji wa viota vya kuning'inia, nikakuta kurasa kwa kurasa za ndege wa njano. Nikamchagua aliyefanana zaidi na wa bonde la Msimbazi. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu mmoja alinionyesha ramani iliyokuwa pembeni yake siku zote: ndege wa misitu ya magharibi mwa bara. Wangu alikuwa yule wa pwani yetu, wa manjano na jicho lenye wekundu wa chungwa, wa kawaida kabisa.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma ramani kabla ya picha. Kwanza uone ramani inamkubali ndege huyo mahali uliposimama na msimu uliopo, ndipo ulinganishe mabawa na midomo. Kwa hiyo dukani zichunguze ramani zenyewe. Ziko ukurasa uleule na maelezo, au zimetupwa nyuma ya kitabu? Rangi zinatofautisha mkazi na mgeni wa msimu? Ramani ya nchi tano za Afrika Mashariki iliyo ndogo kama stempu bado inasomeka ukijishika na Ziwa Victoria. Lakini kama pwani yote ni mstari wa wino usiojua Tanga imeishia wapi na Lindi imeanzia wapi, kirudishe rafuni.

Sasa majina, maana najua ndiyo mnayoyangoja. Kwa anayeanza popote kati ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, ninachokipendekeza ni kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Kinashughulikia nchi hizo tano, michoro upande mmoja, maelezo na ramani upande wa pili, macho hayasafiri mbali. Kilitoka 2002, na toleo la pili likaja 2020. Ukilikuta la 2002 la mtumba kwa bei nafuu, chukua. Wataalamu wamegawa baadhi ya spishi na kubadilisha majina, lakini shore hajabadilika. Hakikisha tu kurasa za michoro zimetimia, maana watu huzichana wakabandike ukutani.

Kipo pia kile kinene cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996, cha Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kwa maelezo ya kina kinanishinda nguvu, na mtu wa Arusha au Moshi atakifurahia. Ila jina lake linasema wazi kinakoishia. Ukiwa Dar, Morogoro au Songea, utakuwa unakitumia nje ya mipaka yake, na mimi hilo somo nilishalilipia ada mara mbili.

Utaambiwa kitabu cha picha za kamera ni bora kwa sababu ni "ndege halisi". Sikubaliani, angalau kwa mwaka wa kwanza. Kamera hunasa ndege mmoja, saa moja, kwenye mwanga mmoja. Akiwa kivulini anaonekana mweusi. Mchoraji huwaweka dume, jike na kinda upande kwa upande, wote wametazama kulekule, ukalinganisha. Kwa mnana jambo hili ni kubwa. Dume msimu wa kuzaana anawaka. Jike wake, na hata madume wengi msimu ukipita, wanafanana na shomoro aliyechoka. Kitabu kinachoonyesha dume peke yake kitakuacha na nusu ya kundi bila jina.

Simu nayo ina nafasi yake. Programu ya Merlin, ya chuo cha Cornell kule Marekani, ni ya bure. Unapakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na intaneti, kisha inafanya kazi hata porini kusiko na mtandao. Inakuuliza uko wapi, ni tarehe gani, ndege ana ukubwa gani na rangi zipi, inakuletea majina machache. Naitumia. Lakini simu hukuonyesha ndege uliyemwuliza, basi. Kitabu ukikifungua kwa ajili ya mdiria mmoja unakutana na wadiria wengine wote, na kesho unawajua kabla hujawaona. Halafu jua la saa sita pale ufukweni, kioo cha simu hakionekani.

Kitabu kikishafika nyumbani, usikimbilie nacho kichakani. Chukua penseli. Mimi nilikaa jioni kadhaa nikipitia ramani moja baada ya nyingine, kila inayogusa Dar naweka alama ndogo. Mke wangu alidhani nasahihisha mitihani. Kuna kurasa nzima zilibaki tupu: ndege wa milima mirefu, wa jangwa la kaskazini mwa Kenya, wa misitu ya Uganda. Kitabu cha ndege zaidi ya elfu moja kikapungua mpaka kikawa kitu ambacho kichwa cha mtu mwenye kazi yake kinaweza kukibeba. Ukihamia Dodoma, unaanza upya kwa penseli ya rangi nyingine.

Pembeni nimeandika majina yetu, kwa sababu vitabu hivi nilivyovishika vyote ni vya Kiingereza. Hapo kuna vurugu tamu. Bibi yangu wa Pangani alimwita kurumbiza ndege wa manjano. Jirani yangu anaapa kurumbiza ni yule mwimbaji wa alfajiri mwenye nyusi nyeupe. Nimeyaandika yote mawili, kila moja na jina la mwenye nalo.

Na kile cha Ulaya? Sikukitupa. Vitwitwi wanaojaa kwenye tope la Salender maji yakipwa, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, wengi wao wamezaliwa Ulaya na Asia ya kaskazini, na humo wamechorwa vizuri ajabu. Ila uwe macho: mahali pa kwanza utamkuta ndege mwekundu kama tofali, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyomwona wao wakati wa kuzaana. Anayekuja kwetu ni wa kijivu. Tafuta mchoro mdogo wa pembeni, ule wa majira ya baridi. Machi ikifika utaanza kuona mmoja mmoja anapata madoa mekundu kifuani, anajiandaa kuondoka, na hapo ndipo mchoro mkubwa unapoanza kuwa wa kweli.

Kuna ukurasa mmoja bado unanishinda, wa ndege wadogo wa kahawia wa majanini, wote sura moja. Bonde la Msimbazi linao. Kwenye ramani nne nimeweka alama, na pembeni ya kila moja kuna alama ya kuuliza ya penseli iliyofutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imekuwa nyembamba. Jumamosi nitarudi.