Kuku wa Mayai: Anza na Gunia la Chakula, Kisha Chagua Mbegu

Anayetaka kujua kuku yupi hutaga sana hahitaji kutafuta mbali. Isa Brown, Lohmann Brown na Hy-Line Brown hutaga mayai yanayokaribia 300 katika mwaka wao wa kwanza wa kutaga, wakati kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga kati ya 40 na 60. Ninapoombwa ushauri, swali langu la kwanza huwa jingine: je, utaweza kununua chakula kila mwezi, hata mahindi na dagaa vinapopanda bei?

Kuku hawa wa kisasa hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 40 kwa mwaka kwa kila mmoja, na chakula hicho lazima kiwe na protini ya kutosha pamoja na chokaa ya kujengea ganda. Ukikipunguza au ukizidisha pumba, utagaji hushuka baada ya siku chache, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko kuushusha. Kwa uzoefu wangu, mbegu hizi humfaa mfugaji mwenye banda kavu, maji safi wakati wote na mteja wa kudumu wa trei zake, hata akiwa na eneo dogo.

Mwenye uwanja mpana na mfuko mwepesi namwelekeza kwa chotara, hasa Kuroiler, mbegu iliyotoka India. Huyu hutaga mayai machache kuliko Isa Brown, lakini hujitafutia sehemu ya chakula chake, na majogoo wake hunenepa wakauzwa kwa nyama. Jambo moja tu uliweke akilini: usitotoleshe mayai ya chotara ukitegemea kupata watoto wenye utagaji wa mama yao, kwa sababu sifa zilizochanganywa hutawanyika katika kizazi kinachofuata, hivyo kila awamu inahitaji vifaranga wapya kutoka kwa mtotoleshaji. Aidha, chotara huatamia kwa nadra, na ndiyo maana sijawaondoa matembe wangu wa kienyeji, ambao hulalia na kulea bila kunigharimu mashine wala umeme.

Wateja husifu kiini cha njano wakidhani ni cha kienyeji pekee, ingawa rangi hiyo hutokana na majani mabichi na mahindi ya njano, hivyo hata Isa Brown huitoa akilishwa vizuri.

Unaponunua vifaranga, hakikisha wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku walipoanguliwa, kwani chanjo hiyo hutolewa huko huko wanakototoleshwa, kisha upange mwenyewe ratiba ya chanjo za mdondo, Gumboro na ndui pamoja na mtaalamu wa mifugo wa eneo lako.