Udi unapotangulia ngoma

Ndugu yangu, kama ukipiga udi (ile ala ya nyuzi) peke yako uko sawa ila ukiwa na wenzio unawatangulia, vidole usivilaumu. Weka udi chini. Chakacha, ngoma ya harusi za pwani, ina mapigo sita: gonga mguu mara mbili, makofi mara tatu, ndani ya sita hayo hayo, huku ukihesabu kwa sauti. Wengi hukwama hapo (na majirani watakusema!). Kisha washa metronomu ya simu (kile kihesabu mapigo), mapigo 80 kwa dakika. Ukiimudu, ishushe hadi 40 lakini mwendo wako usibadilike. Kila mlio uuhesabie pigo moja na jingine ulijaze mwenyewe. Jirekodi pia. Na ukialikwa harusi Mji wa Kale, Mombasa, kaa karibu na mpiga dumbaki (ile ngoma ya mkono), si kwenye spika.