Kioo kimezama mlangoni, na zulia linalowa

SWALI: Ndugu mtaalamu wa safu ya magari, nina gari dogo la Kijapani lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika. Kioo cha mlango wa abiria wa mbele kimezama ndani ya mlango. Nikibonyeza swichi nasikia mota ikivuma na kitu kikikwaruza, lakini kioo hakisogei. Miezi sita iliyopita fundi alibadilisha mota ya mlango huohuo, na tangu siku hiyo kila mvua ikinyesha zulia la upande huo hulowa. Sasa ananiambia ninunue mota nyingine. Je, ni kweli imekufa tena? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mota inayovuma haijafa. Mota iliyokufa hukaa kimya, na hata ukimya huo si ushahidi wa kutosha, kwa sababu fyuzi iliyoungua, swichi iliyoingia kutu, waya uliokatika ndani ya raba iliyopo kati ya mlango na bodi, au kitufe cha kufungia vioo kilichobonyezwa kwa dereva bila kukusudia, vyote huleta ukimya uleule. Usinunue mota.

Kilichokwisha, kwa dalili ulizozitaja, ni mashine ya kioo, yaani chombo kinachopokea mzunguko wa mota na kukipandisha kioo. Zipo za aina mbili. Moja hutumia waya mwembamba wa chuma uliosukwa, unaopita kwenye roda ndogo za plastiki, nao huvuta kishikio cha kioo juu ya reli. Wewe uliye Tanga utaielewa upesi, maana ndivyo tanga la jahazi linavyotwekwa. Nyuzi za waya huo zikianza kukatika hujikunja na kukwama kwenye roda, na mara nyingi huo ndio mkwaruzo unaousikia. Aina ya pili ina mikono miwili iliyopishana kama mkasi, pamoja na bamba lenye meno linalosukumwa na mota, na hukwaruza meno yake yakilika.

Lakini mashine haichakai bila sababu. Raba ambazo kioo hupita katikati yake hukauka kwa jua na kujaa vumbi, kisha huking'ang'ania kioo, na mota hulazimika kuvuta kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Nashuku kwamba hata mota ya kwanza ilichoka kwa ajili hiyo. Ukifunga mashine mpya juu ya raba zilezile kavu, utaniandikia tena. Zisafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ziache zikauke, kisha zipulizie silikoni. Grisi iwe ya reli na meno peke yake, kwani kwenye raba hunasa mchanga.

Kazi yenyewe unaiweza kwa subira. Mashine ya kushoto haiingii kulia, kwa hiyo nenda dukani na namba ya chesisi na, ikiwezekana, mashine yako ya zamani mkononi. Chomoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha fungua skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango kwa ndani na chini ya sehemu ya kuegemeza mkono. Klipu za pembeni zitaachia ukivuta paneli, yaani ubao wa ndani wa mlango, taratibu kuanzia chini. Chache zitavunjika, nazo ni rahisi kupatikana. Ukikuta soketi ya rangi ya manjano ndani ya mlango usiiguse, kwa maana rangi hiyo kwa kawaida ni ya mfumo wa mifuko ya hewa.

Nyanyua kioo kwa mkono hadi juu na ukibandike kwenye fremu ya mlango kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape), mikanda mitatu au minne, ndani na nje. Mara nyingi boliti zinazoshika kioo na mashine hufunguka kwa spana namba 10. Hapa nina onyo moja: mashine ya mkasi huwa na springi iliyokazwa, na ukiitenganisha na mota bila kuibana kwanza, mikono yake huruka kwa nguvu ya kuweza kuvunja kidole. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, nunua mashine iliyokwisha kufungwa mota, au mwachie fundi hatua hiyo.

Unapofunga, usikaze boliti za kioo mara moja. Rudisha betri, pandisha na kushusha kioo mara mbili tatu kikae sawa kwenye njia yake, ndipo ukaze. Kwenye gari ambalo kioo hupanda chenyewe kwa mguso mmoja, huenda huduma hiyo ikapotea betri ikichomolewa. Mara nyingi hurudi ukipandisha kioo hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache.

Kuhusu zulia, nyuma ya paneli huwa kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, hilo ni jambo la kawaida, na nailoni hiyo ndiyo huyaelekeza chini yasiingie ndani ya gari. Bila shaka ilichanwa au ilitupwa miezi sita iliyopita. Kata nailoni nzito kwa kipimo cha mlango, igandishe pande zote na uhakikishe ukingo wake wa chini umeingia ndani ya mlango. Kisha, kabla ya kurudisha paneli, mwagia kioo maji kwa nje. Yanapaswa kutoka kwenye vitundu vya chini ya mlango, na yasipotoka, vizibue kwa kijiti.