Sanduku limevunjika, uende Gigiri?

Dadangu, sanduku lako limerudi kutoka Dubai likiwa limepasuka, nawe umeuliza kama unaweza kushtaki kwa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, pale Gigiri, Nairobi. Utachoma nauli bure. Ofisi ile ni ya kanda ya Afrika Mashariki na Kusini, na kazi yake ni na serikali, si na abiria. ICAO ilizaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, makao makuu yako Montreal, na inaweka viwango vya usalama, leseni za marubani na mengineyo. Hapa nyumbani Kenya msimamizi ni KCAA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa anga. IATA nayo ni chama cha mashirika ya ndege yenyewe, kwa hivyo huko usitarajie hakimu.

Kinachokuhusu ni Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya ni mwanachama. Mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi kwa shirika la ndege ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, siku 21. Kesi mahakamani mwisho ni miaka 2. Tangu Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519, karibu dola 2,000; SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Hicho ni kikomo tu, bado utathibitisha hasara.

Mimi niliwahi kutoka uwanja wa ndege wa JKIA na gurudumu la sanduku mkononi, nikasema nitaandika kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Wewe barua pepe tuma leo, na ile stika ya mzigo usiitupe.